Somo: Kupanda Usambara kwa baiskeli na kwa miguu, Mombo hadi Mtae

Wanaoniuliza kuhusu Usambara, milima ya Lushoto mkoani Tanga, karibu wote huanza na pumzi: "Nitaweza kupanda?" Utaweza. Mombo iko mita 400 na ushee juu ya bahari, Lushoto iko kwenye 1,400 hivi, na kati yake kuna kilomita 33 za lami. Mwenye gia nyepesi na subira atafika. Akichoka atashuka asukume. Kule hata wanaopeleka magunia sokoni wanasukuma, wala hakuna anayewacheka.

Kinachoumiza watu Usambara ni kushuka. Ndiyo maana somo langu linaanzia kwenye breki.

Kwanza: breki, ukiwa bado nyumbani

Geuza baiskeli miguu juu, zungusha matairi, kisha tazama mipira ya breki. Ikiwa mifereji yake imefutika, badilisha, hata kama "bado inashika". Mimi safari yangu ya kwanza niliondoka na mipira ya namna hiyo. Nilipokuwa nateremka kutoka Soni, mji mdogo ulio kati ya Mombo na Lushoto, nikasikia harufu ya kuungua, halafu chuma kikaanza kukwaruza rimu. Bahati yangu upande niliokuwepo ulikuwa wa ukuta wa mlima, si wa korongo. Nikajibamiza kwenye nyasi na kupoteza ngozi ya kiwiko. Siku hizi natembea na jozi mbili za akiba, pamoja na waya mmoja wa breki, tyubu moja, viraka, solusheni na pampu. Mafundi wapo Mombo, Soni na Lushoto, ila pancha haichagui mahali pa kutokea.

Kama baiskeli yako ina madigadi yaliyobana tairi, yatoe kabla ya safari. Sababu utaijua ukifika kwenye udongo wa juu.

Pili: lala Mombo, ondoka alfajiri

Mabasi yote ya Dar kwenda Moshi na Arusha hupita Mombo, kwa hiyo kufika si kazi. Kosa ni kushuka basi saa sita mchana na kuanza kupanda saa saba. Bondeni kuna joto la kupikia ugali. Lala hapo, uamke saa kumi na moja, unywe chai na maandazi, uwe barabarani kunapopambazuka.

Tangu kona ya kwanza weka gia nyepesi kabisa. Usingoje miguu ikulilie. Kipimo changu ni maneno: kama huwezi kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi, unakwenda mbio mno. Sehemu kubwa ya mpando iko kati ya Mombo na Soni, ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, nyembamba, yenye kona zisizoonana. Malori ya mbogamboga hushuka hapo yamejaa kabichi na viazi kuelekea Dar. Yakipiga honi kwenye kona, sogea kushoto kabisa na usimame. Usishindane.

Soni pumzika kwa muda wa kutosha. Maporomoko yake yanaonekana ukiwa barabarani, na pembeni wanauza matunda ya baridi: mapeasi, mapichesi na matunda damu, kila moja kwa msimu wake. Kula hapo, kwa sababu ukiyabeba mgongoni yatafika Lushoto yakiwa juisi.

Tatu: siku ya miguu, Irente

Siku ya pili iache baiskeli ipumzike. Kutoka mjini Lushoto hadi Irente ni kilomita tano au sita za kutembea kati ya mashamba ya mahindi na migomba, na watoto watakusindikiza nusu ya njia. Ghafla ardhi inakatika. Chini yako, karibu kilomita moja kwenda chini, kuna nyika ya Mazinde, na barabara kuu uliyokuja nayo inaonekana kama uzi. Njiani kuna shamba la Irente wanakouza jibini na mkate. Nunua, ukalie mwambani.

Jifunze na salamu. Asubuhi Wasambaa husema "Onga maundo", mchana "Onga mshi", na kushukuru ni "Hongea". Mzee akisikia hivyo kutoka kwa mgeni atakuonyesha njia ya mkato ambayo huwezi kuipata kwenye simu.

Nne: kuvuka mgongo wa Magamba

Hapa ndipo penye utamu. Kutoka Lushoto barabara inapanda tena hadi Magamba, na msitu unakufunga pande zote. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo ukitaka kuingia kwenye njia za ndani lipa kiingilio na uchukue mwongozaji. Kuna miti mikubwa ya mikulo, na mbega utawasikia kabla ya kuwaona. Milima hapa inapita mita 2,000, na joto hupungua nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lile jasho la Mombo litakugandia mgongoni. Kwenye upenyo, pale barabara inapoacha kupanda, simama na uvae koti kabla hujaanza kushuka. Ukingoja uhisi baridi, vidole vitakuwa vimeshakufa ganzi na breki hutazikaza.

Ukiacha lami unaingia udongo mwekundu. Ukiwa mkavu ni vumbi. Mvua ikinyesha nusu saa tu unageuka sabuni, kisha unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi mpaka tairi linagoma kuzunguka. Ndiyo sababu niliyokuahidi.

Tano: hadi Mtae

Lushoto hadi Mtae ni kilomita 60 hivi, kupitia Lukozi kwenye soko la mboga. Usizihesabu kama kilomita za Tanga mjini. Kila ukidhani umemaliza mlima, barabara inakutupa bondeni na kukudai upya. Vijana wenye nguvu hutumia siku moja. Mimi hutumia mbili na sioni haya.

Mtae imekaa kwenye ukingo wa milima kama mtu aliyekaa juu ya ukuta. Jioni unaiona nyika ya Mkomazi na milima ya Upare, na siku ya anga safi hata Kilimanjaro.

Sasa kushuka kwenyewe. Usishikilie breki mfululizo: rimu inapata moto, mpira unalainika, na tyubu inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, usibane ukiwa ndani yake. Makalio yarudi nyuma ya kiti, na macho yatazame unakotaka kwenda, maana ukilikodolea shimo utaliingia. Mvua ikinyesha, anza kubana mapema zaidi, kwa kuwa rimu iliyolowa haishiki haraka.

Maswali niliyoulizwa

*Kaka, mimi nina Phoenix isiyo na gia. Nisijaribu?*

Jaribu, lakini chukua kipande cha Soni hadi Lushoto, hapo mpando umelegea. Mombo hadi Soni panda basi, baiskeli ikae juu ya keria. Ifunge mwenyewe, na mnyororo uangalie juu.

*Mwezi gani ni mzuri?*

Juni hadi Septemba, mvua za masika zikiisha. Juni na Julai usiku ni baridi kweli, beba sweta. Machi hadi Mei njia za udongo ziache kabisa.

*Shikamoo. Nina miaka 58 na goti linanisumbua. Nitembee au niendeshe?*

Mimi ndiye wa kukuamkia, mzee wangu, shikamoo. Goti huteswa zaidi na kuteremka kwa miguu. Kwa hiyo panda kwa miguu ukiwa na fimbo, na kushuka upande gari. Irente inakutosha kabisa, njia yake haina mteremko mkali.

*Naweza kushuka na baiskeli kutoka Mtae moja kwa moja hadi nyikani?*

Hapana. Njia za miguu zipo, wenyeji hushuka nazo, lakini ni ngazi za mawe na mizizi. Ukitaka kushuka huko tafuta mwenyeji, anza asubuhi, beba maji lita tatu kwa sababu chini hakuna kivuli. Baiskeli itangulie na basi la Lushoto, na uulize tangu jioni ya kuamkia safari linaondoka saa ngapi. Mabasi ya kutoka Mtae huondoka mapema sana, jogoo bado amelala.