Kufunga spika katika ukumbi wenye mwangwi

Kumbi nyingi ninazofungia vyombo hapa Lamu zina kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, sakafu ya saruji na dari ya juu. Hakuna kinachomeza sauti humo. Kila kitu kinairudisha. Maulidi yangu ya kwanza nilipakia punda spika mbili za inchi 15, nikazisimamisha pembeni mwa jukwaa, na kila watu walipolalamika nikaongeza sauti. Mzee mmoja akaniita: "Mwanangu, huyo anasoma au ananguruma?"

Hatua ya 1: pima chumba. Simama katikati kabla watu hawajaingia, piga kofi moja, uhesabu mpaka sauti ife. Ikizidi sekunde mbili, maneno yatapandana. Ukumbi ukijaa hali hupoa kidogo, maana kanzu na mabuibui humeza sauti. Mikeka na mazulia husaidia pia, ila mngurumo wa besi hayauwezi.

Hatua ya 2: chagua spika. Kwa maneno, napenda zile nyembamba ndefu, zenye vispika vidogo vilivyopangwa mstari mmoja kama shanga. Ukizisimamisha wima, sauti hutawanyika kulia na kushoto lakini haipandi sana darini. Huna? Spika ndogo nne zilizo karibu na watu zinashinda mbili kubwa zilizo mbali.

Hatua ya 3: ziweke. Hapa ndipo kazi ilipo. Ziwe mbele ya maikrofoni, upande wa watu, la sivyo utapigiwa mluzi usiku kucha. Zipande juu ya vichwa vya waliokaa, kisha ziinamishe zitazame watu, si ukuta wa nyuma. Usizisukume pembeni kabisa mwa chumba. Pembe huongeza mngurumo.

Ukumbi ukiwa mrefu, ongeza jozi ya pili katikati, na uicheleweshe kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganya na kurekebisha sauti. Sauti hutumia karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Jozi ikiwa mita 12 kutoka ile ya mbele, weka milisekunde 35, kisha ongeza kama 10, ili sikio lidhani sauti yote inatoka kwa msomaji. Usipochelewesha, umejitengenezea mwangwi wako mwenyewe.

Hatua ya 4: punguza besi. Kwenye chaneli ya msomaji, yaani njia ya maikrofoni yake kwenye miksa, kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 120. Maikrofoni iwe vidole vinne tu kutoka mdomoni.

Hatua ya 5: zunguka. Mtu asome, wewe ukakae kila pembe, hasa upande wa akina mama. Pazia zito hula sauti nyembamba, na ndizo zinazobeba herufi kama s na t. Siku hizi nawawekea spika yao ndogo ndani ya pazia, sauti ya chini. Tangu hapo vigelegele vinatoka pale panapostahili, si baada ya watu kukaa.