Jinsi ya Kupima Umbali Baharini kwa Kisiwa Kidogo Kisicho na Watu

Kisiwa kidogo kisicho na mtu wala taa humfaa nahodha ikiwa kimo kwenye ramani ya bahari na bado kina umbo lilelile. Sharti hilo la pili husahaulika. Kolbeinsey, mwamba ulio kaskazini mwa Iceland katika eneo la Aktiki, ulipopimwa mwaka 1616 ulikuwa na urefu wa meta 700, lakini kufikia mwaka 2001 bahari ilikuwa imebakisha takriban meta 90 za mraba. Visiwa vya mawe ya matumbawe vya pwani ya Mtwara na Lindi navyo huliwa na mawimbi, tena wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yanapojaa na kupwa sana) maji yakipwa huonekana vipana kuliko kawaida. Kwa hiyo lenga kilele chake, usilenge ukingo wa maji.

Kabla ya kutoka Lindi kwenda Mtwara, pigilia msumari kwenye ubao ulio mbele ya mshika usukani, kisha mingine miwili kwenye ukingo wa kulia wa mashua. Ukitazama kutoka msumari wa ubaoni, mmoja uwe nyuzi 45 kutoka omo (sehemu ya mbele ya chombo), na mwingine nyuzi 90, yaani ubavuni kabisa.

Ukiwa safarini, shika mwelekeo mmoja. Kisiwa kikilingana na msumari wa nyuzi 45, tazama saa. Kikilingana na ule wa nyuzi 90, itazame tena. Umbali uliosafiri kati ya nyakati hizo mbili ndio umbali wako kutoka kisiwani. Kwa mwendo wa maili 6 za baharini kwa saa, dakika 20 ni maili 2.

Hatari iko kwenye mkondo. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, hivyo anayekwenda Mtwara hukabiliana nao. Mkondo huo ukiwa na nguvu ya maili 1 kwa saa, mwendo wako halisi ni maili 5, na katika dakika zilezile 20 utakuwa maili 1.7 tu kutoka kisiwani, karibu na miamba kuliko unavyodhani. Ukirudi Lindi, kosa hugeuka, nalo halina madhara makubwa. Mwenye GPS atumie mwendo inaouonyesha, kwa kuwa tayari umehesabu mkondo.

Njia hii inafaa zaidi kwa mashine, au kwa tanga wakati wa kaskazi upepo ukiwa nyuma. Wakati wa kusi, anayekwenda kusini kwa tanga hupiga bisha, yaani huenda kwa kukata upande huu na ule dhidi ya upepo, na kila anapogeuza chombo kabla kisiwa hakijafika ubavuni hana budi kuanza kipimo upya.