Kabla ya Kupaka Asali Kwenye Kidonda: Mambo ya Kuzingatia

Asali hutibu vidonda kweli. Wamisri wa kale waliitaja katika maandishi yao ya tiba ya majeraha zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na leo zipo hospitali zinazofunga vidonda kwa bandeji zenye asali. Naiamini tiba hii, na ndiyo maana hunisikitisha kuona mtu akikimbilia chupa ya asali kabla hajakitazama kidonda chenyewe.

Mchubuko, mkato usio na kina, au moto mdogo uliobabua ngozi ya juu tu, unaweza kuvihudumia nyumbani. Mkato uliozama, damu isiyokoma hata ukikandamiza, jeraha la kung'atwa na mnyama, na moto wa usoni, viganjani au sehemu za siri ni vya kupelekwa kituo cha afya mara moja. Mwenye kisukari aliye na kidonda mguuni naye aende, hata kama hakimuumi. Nasisitiza hata kama hakimuumi, kwa kuwa ugonjwa huo hufisha hisia za miguu, na kidonda kinaweza kuchimba hadi mfupani huku mtu akitembea kama kawaida. Kumbuka pia chanjo ya pepopunda, maana hakuna asali inayoweza kushika nafasi yake.

Tuje kwenye asali yenyewe, ambako ndiko wengi hukosea. Maji yaliyomo ndani yake kwa kawaida hayafiki asilimia 20, na kilichobaki karibu chote ni sukari. Sukari hiyo hufyonza maji kutoka kwa vijidudu hadi vinashindwa kuzaliana. Tena ina uchachu ambao bakteria wengi hawauvumilii. Zaidi ya hayo, nyuki hutia humo kimeng'enya ambacho, asali ikichanganyika na majimaji ya kidonda, hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, kiasi cha kuua vijidudu bila kuunguza nyama changa. Kimeng'enya hicho huharibiwa na joto na mwanga. Asali iliyochemshwa, au iliyokaa juani kwenye chupa angavu, imepoteza sehemu ya nguvu yake japo utamu uko palepale.

Asali mbichi, hata iliyo safi kabisa, inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli. Kuichemsha hakusaidii: mbegu hizo hustahimili maji yanayotokota, ilhali kimeng'enya kinakufa. Kwa sababu hiyo asali ya kitabibu husafishwa kwa miale ya gamma, ambayo huua mbegu bila kuipokonya asali uwezo wake. Kwa kidonda kilicho wazi, ushauri wangu ni mmoja: tumia iliyoandikwa kwamba ni ya vidonda, inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Asali ya mezani iache mezani. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asilishwe asali ya aina yoyote, na kidonda chake aamue daktari.

Usiitarajie iweze kila kitu. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yalionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyozama sana hupona haraka zaidi kwa asali kuliko kwa baadhi ya bandeji za kawaida. Kwa vidonda sugu vya miguu vitokanavyo na hitilafu za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, asali haikuonyesha faida ya maana.

Gundi ya nyuki, yaani propolisi, nayo hupambana na vijidudu, ila huwapa watu wengine mzio wa ngozi. Paka kidogo ndani ya mkono, usubiri siku mbili au tatu, kwani mwasho wake huchelewa. Maziwa ya nyuki, yaani chakula wanachomlisha malkia wao, yamewahi kusababisha mzio mkali, hasa kwa wenye pumu. Nta kazi yake kubwa ni kushikilia mafuta ya dawa na kuzuia ngozi isikauke.

Andaa vifaa kabla ya kufungua chochote: maji safi, sabuni ya mikono, shashi na bandeji ya juu, kwa kuwa asali huyeyuka kwa joto la mwili na kuchuruzika. Kama ni moto, tanguliza maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Asali ipakwe kwenye shashi kwanza, ndipo shashi iwekwe juu ya kidonda. Mililita 20 hivi zinatosha kipande cha sentimita 10 kwa 10. Badilisha kila siku, au mapema zaidi ikilowa.

Kuwashwa kidogo mwanzoni ni kwa sababu ya ule uchachu. Maumivu yakizidi, ioshe yote kwa maji. Wekundu ukitambaa kuelekea nje, usaha ukiongezeka, harufu ikibadilika au homa ikipanda, fungua bandeji na uende kwa daktari siku hiyohiyo, ukamweleze ulichopaka na tangu lini.