Kuamsha mayai ya kopepodi kwenye tope kavu, hesabu ipo kwenye joto

Wadau wa kambale hapa Tabora, chakula hai cha vifaranga mnacho bure kwenye mabwawa yanayokauka huko vijijini. Maji yakianza kuisha, kopepodi (vile vidudu vidogo vinavyorukaruka majini) baadhi yao wanataga mayai ya ganda gumu yanazama yanalala kwenye tope mpaka mvua irudi.

Mwezi wa 8 au wa 9 nenda pale bwawani palipokauka mwisho, kwangua tope la juu tu, anika kivulini, tunza kwenye mfuko wa kitambaa pakavu. Kuanika juu ya bati usithubutu.

Siku ya kuamsha chukua ndoo nyeupe, weka maji ya mvua, au ya bomba ila yakae wazi siku mbili klorini itoke, tia tope kiasi, liwe tabaka jembamba chini, ukijaza sana yai la chini linakosa hewa na yai lisilo na oksijeni haliamki hata uwe na joto zuri vipi.

Sasa joto. Kile kijitoto ndani ya yai kinakua kwa kasi ya joto la maji yake, kwa hiyo baridi ile ya mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi yai linajivuta weee, maji ya vuguvugu linatoka ndani ya siku chache. Ila usije ukaona ukizidisha moto ndo utawahi zaidi, hapana, juu ya kiwango fulani kijitoto kinafia ndani, halafu maji ya moto yanashika oksijeni kidogo. Mimi nalenga nyuzi 24 mpaka 28. Nunua kipimajoto cha maji, pima asubuhi na saa 8 mchana, ukiona joto linapanda na kushuka sana ingiza ndoo ndani, na tumia ndoo kubwa, kopo linachemka haraka bana.

Wanaofuga kopepodi wa baharini, wale Acartia, mayai wanayaweka kwenye friji miezi kadhaa ndo wanayapasha. Hili tope letu halihitaji friji, ukavu wenyewe unayalaza.

Usiku mulika na tochi ya simu, ukiona vinukta vinasogea kwa kurukaruka ndo wenyewe, wape maji ya kijani (yenye mwani) kidogo kidogo. Hayatoki yote kwa mpigo, kwa hiyo tope usimwage, likaushe tena ulitumie mvua nyingine.

Na vifaranga wapelekee kopepodi ambao bado ni wachanga, maana kuna jamii za kopepodi wakikua wanang'ata vifaranga vilivyototolewa juzi.