Kabla ya kununua mche, tazama visiki vyako

Vile vichaka unavyofyeka kila mwaka ukiandaa shamba, na kila mwaka vinachipua tena, ndiyo miti yako. Mizizi yake imeshashuka kwenye unyevu. Mche wa kitalu unaanza upya, na kiangazi chetu cha Mpwapwa, Mei hadi Novemba, hakiuonei huruma.

Njia hii ya kukuza upya miti kutoka kwenye visiki inaitwa Kisiki Hai. Sisi tuliisikia kanisani baada ya matangazo, kutoka kwa watu wa shirika la LEAD Foundation. Wazee waliguna: yaani tufundishwe kuacha vichaka? Ila njia hii ina historia. Tony Rinaudo, mmisionari kutoka Australia, alipanda miti Niger ikawa inamfia tu, mpaka mwaka 1983 alipoinama kutazama kichaka njiani akaona ni mti uliokatwa, unachipua upya.

Fanya kazi hii kiangazi. Noa panga hasa. Zunguka shamba zima kwanza bila kukata kitu, uone visiki vilivyo hai viko wapi. Mimi huanza na migunga na mikwaju.

Kisiki kimoja kinaweza kuwa na machipukizi hata ishirini. Bakiza matatu hadi matano, manene, yaliyonyooka, yaliyotokea chini karibu na udongo. Mwaka wa kwanza tamaa ya nguzo ilinishika, nikabakiza moja moja. Upepo ukavunja mengi, mengine wakayamaliza mbuzi, nikabaki na visiki vitupu.

Mengine yote yakate kwa panga linalopanda, si linaloshuka. Lishike chipukizi kwa mkono mmoja, piga kutoka chini kwenda juu. Ukikata kwa kushusha, gome linachanika mpaka kwenye kisiki. Usinyofoe kwa mkono hata kama ni jembamba. Kisha yale uliyoyabakiza yapogoe matawi ya pembeni, nusu ya chini tu. Huko juu acha, majani ndiyo yanayoulisha mti.

Halafu funga kitambaa, ili mpita njia ajue mti huu una mwenyewe. Mimi nilichana kanga nyekundu iliyopauka, ikatosha visiki arobaini na kitu.

Mbuzi, lakini, hasomi kitambaa. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na panga halisaidii. Nenda kwa mchungaji (wa mifugo, si wa kanisa) kabla ya mavuno, maana mabua yakishabaki shambani kila mtu anaona ni malisho yake. Mimi nilikwenda na karanga, tukakaa, nikamwonyesha mti mmoja mmoja. Mkichelewa kuelewana, pelekeni suala kwenye mkutano wa kijiji litungiwe sheria ndogo.

Rudi kila baada ya miezi michache kuondoa machipukizi mapya, la sivyo kisiki kinarudi kuwa kichaka. Matawi uliyokata usiyachome moto shambani. Yangu nayafunga mzigo, nayaanika nyuma ya jiko, na siku hizi safari ya mlimani kutafuta kuni naifanya mara chache.