Faili la MIDI linapolia kama kiswaswadu: libadilishie koo

Walimu wa kwaya hapa Dar es Salaam tumezoea kutumiana nyimbo kwa faili za MIDI. Ni nyepesi mno. Wimbo wa sauti nne mara nyingi haufiki hata KB 100, kwa hiyo unaingia WhatsApp hata bando likiwa linakata roho. Shida huanza ukiubonyeza. Kwenye kwaya yetu ya Tabata, wimbo uliotungwa kwa ajili ya kinanda cha kanisani ulitoka kama mlio wa kiswaswadu, na watu wa besi wakacheka badala ya kujifunza.

Faili halikuwa na kosa. MIDI haina sauti ndani yake, ina maagizo tu: noti hii ianze sasa, ibonyezwe kwa nguvu hii, iachiwe hapa. Anayeimba ni kompyuta yako, kwa koo ulilompa. Windows huja na koo lake dogo la tangu zamani, ndiyo maana nyimbo zote zina ladha ileile. Koo jipya linaitwa saundifonti: faili la .sf2 lenye sauti za vyombo zilizorekodiwa.

Natumia Ubuntu kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Mwenye Windows aweke programu ya VirtualMIDISynth, inasoma .sf2 hizihizi.

Hatua ya 1: Sakinisha

Fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri. Amri hii inaleta FluidSynth, programu ya kupiga MIDI, pamoja na saundifonti yake:

`sudo apt install fluidsynth fluid-soundfont-gm`

Saundifonti hii, FluidR3, inazidi MB 100. Kama bando halitoshi, chukua `timgm6mb-soundfont`, MB 6 hivi. Piano yake ni nyembamba, lakini mazoezi yanakwenda.

Hatua ya 2: Piga

`fluidsynth -n -a pulseaudio -g 0.6 /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2 wimbo.mid`

Hiyo `-g` ni ukubwa wa sauti. Usipoitaja inakuwa 0.2, na wengi hapo huanza kulaumu spika. Ukiipandisha mno, sauti itakwaruza kwaya nzima inapoingia.

Hatua ya 3: Badilisha chombo wimbo ukiendelea

Wimbo ukilia, FluidSynth inaendelea kupokea amri. Orodha ya General MIDI, iliyotoka 1991, ina vyombo 128, na kinanda cha kanisa ni namba 20. Ila FluidSynth huhesabu kuanzia 0, vyombo na pia chaneli (njia zinazobeba sauti ndani ya faili), kwa hiyo kukiweka kwenye chaneli ya kwanza unaandika:

`prog 0 19`

Mimi nilimaliza jioni nzima nikiandika 20 na kupata kinanda kingine cha sauti ya puani. Chaneli ya 10 (9 kwa hesabu hii) ni ya ngoma. Ukisikia sauti ya tatu inatoka kama mtu anagonga masufuria, ujue mwandishi aliiweka humo.

Kwa mazoezi ya sauti mojamoja, wengi hunyamazisha nyingine zote. Mimi sikubaliani nao: mwimbaji aliyejifunza peke yake kwenye ukimya hupotea wenzake wakiingia. Afadhali uzishushe tu. Kama sauti ya kwanza iko chaneli ya kwanza:

`cc 0 7 40`

Hiyo 7 ni ukubwa wa sauti, na 40 ni kiwango chake, ambacho kawaida huwa 100. Rudia kwa chaneli nyingine, ukiiacha ile inayofundishwa. Kama sauti zote nne zimebanwa kwenye chaneli moja, hapa hakuna ujanja. Fungua faili kwenye MuseScore, programu ya kuandikia noti za muziki, uzigawe, kila moja na mstari wake.

Hatua ya 4: Toa faili la sauti la kuwagawia waimbaji

`fluidsynth -ni -g 0.6 -r 44100 -F wimbo.wav /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2 wimbo.mid`

Hausubiri wimbo uishe. Kompyuta huandika haraka kuliko unavyosikiliza. Lakini `prog` na `cc` ulizoandika hatua ya 3 hazimo, zilifutika ulipofunga programu. Nakala ya kuwapa watu wa besi naiandaa MuseScore: mstari wao naupa ff (kwa nguvu sana), mingine pp (kwa upole sana), nahifadhi MIDI mpya, kisha ndiyo naitoa WAV.

WAV hula MB 10 hivi kwa kila dakika, na waimbaji watakununia ukiituma hivyo. Igeuze kwanza iwe MP3 kwa ffmpeg (kama huna, `sudo apt install ffmpeg`):

`ffmpeg -i wimbo.wav wimbo.mp3`