Vitafunwa vya maini kwa mbwa: namna ya kuviandaa nyumbani

Mbwa wangu wa kwanza alikuwa haji akiitwa. Nikimbembeleza kwa biskuti za kununua, anazinusa, ananitazama, kisha huyoo anakwenda zake. Siku niliyojaribu kipande cha ini kilichokaushwa, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, aligeuka akiwa mbali kabla sijamaliza kumwita, akaja mbio masikio yamelala nyuma. Tangu siku hiyo naandaa mwenyewe. Kazi yenyewe ni nyepesi. Nitakapokaa zaidi ni kwenye kiasi cha kumpa, maana maini yana nguvu kuliko nyama ya kawaida na watu wengi hukosea hapo.

Andaa 500 g za maini ya ng'ombe au ya kuku, maji, kisu kikali, sinia ya oveni na karatasi ya kuokea. Basi. Usitie chumvi, mafuta wala viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa. Kwa hiyo maini ya mchuzi yaliyobaki mezani hayafai kwa kazi hii.

Hatua ya 1: kusafisha. Osha maini, menya utando wa juu, ondoa mishipa minene. Kama ni ya kuku, tazama kama nyongo imebaki. Ikate pamoja na sehemu yote iliyogeuka kijani. Ukikuta vifuko vyenye maji au uvimbe mgumu ndani ya ini, litupe mahali ambapo mbwa hawezi kulifikia. Usijaribu kukata sehemu mbovu ukaokoa iliyobaki.

Hatua ya 2: kuchemsha. Kata vipande bapa vyenye unene wa sentimita 1. Maji yakishachemka, vitumbukize kwa dakika 6 hadi 8. Povu la kijivu litapanda juu, lienguliwe. Pasua kipande kinene kuliko vyote: ndani pawe na rangi ya kahawia mpaka katikati, pasibaki wekundu. Hatua hii wapo wanaoiruka, mimi siiruki kamwe. Kwanza inaua vijidudu mapema, kabla ya moto mdogo wa kukaushia. Pili, ini bichi huteleza na kurojeka chini ya kisu, lakini likishachemka linakatika safi kama jibini.

Hatua ya 3: kukatakata. Ini likipoa, kata vipande vya mraba vya sentimita 1. Nusu kilo hutoa zaidi kidogo ya vipande 300, na vikikauka vinasinyaa vikawa kama punje ya njegere. Kwa mbwa mdogo kata nusu ya hapo. Usione huruma ukadhani unampunja; mbwa anahesabu mara ngapi amepewa, hapimi uzito. Vipande vitano vidogo kimoja baada ya kingine vinamfurahisha kuliko kimoja kikubwa.

Hatua ya 4: kukausha. Washa oveni nyuzi 100 za Selsiasi. Tandaza vipande kwenye karatasi visigusane. Acha saa moja na nusu hadi mbili, ukivigeuza mara moja katikati. Mlango wa oveni uuache wazi kidogo kwa kuuwekea mpini wa mwiko ili mvuke utoke, la sivyo vitatokota badala ya kukauka. Namna ya kujua vimeiva: chukua kimoja, kipoe, kisha kivunje. Kikikatika kwa mlio mkavu, viko tayari. Kikipinda kama mpira, bado.

Hatua ya 5: kupoza na kuhifadhi. Viache wazi mpaka vipoe kabisa. Niliwahi kufunga kopo vikiwa vya uvuguvugu. Siku ya tatu nilipofungua, ukungu mweupe ulikuwa umetanda juu na nikamwaga vyote. Havina dawa ya kuzuia kuoza, kwa hiyo visikae kabatini. Kwenye friji weka vya wiki moja, vilivyobaki viingie friza, vitadumu miezi mitatu. Toa asubuhi vya kutumia siku hiyo tu.

Sasa kiasi. Ini ndilo ghala la vitamini A ya mnyama. Vitamini hiyo huyeyuka katika mafuta, na ikizidi inajilundika mwilini mwa mbwa. Mbwa anayelishwa maini mengi kwa miezi huanza kukakamaa shingo na viungo, kwa sababu mifupa inaota pasipotakiwa. Mimi nafuata mambo mawili: vitafunwa vyote vya siku, vya aina yoyote, visizidi asilimia 10 ya nishati ya chakula chake, na maini peke yake yabaki karibu asilimia 5 ya anachokula. Kwa mbwa wa kilo 10, hiyo ni vipande 8 hivi kwa siku vya ukubwa niliotaja. Siku ya mafunzo marefu nachanganya na nyama ya kuku iliyochemshwa, maini nayaweka kwa lile jambo gumu tu: kuja akiitwa mbele ya mbwa wengine, au kumwachia daktari amkate kucha.

Maswali ya wenzetu

*Sina oveni. Nifanyeje?*

Tumia kikaango kikavu, kizito, juu ya moto mdogo kabisa. Vipande viwe vimechemshwa tayari. Geuza kila baada ya dakika chache kwa muda wa dakika 40 hivi. Vitabaki laini kidogo katikati, kwa hiyo friji isizidi siku tatu. Kuanika juani sikushauri, inzi watakutangulia.

*Mbwa wa asili si hula ini bichi? Kwa nini nihangaike kupika?*

Ndugu yangu, hapa naomba tusikilizane. Kuna tegu aitwaye Echinococcus granulosus. Vifuko vyake vya maji hukaa kwenye maini na mapafu ya kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Mbwa akila kifuko kibichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, naye pengine haonyeshi dalili yoyote. Mayai yanatoka na kinyesi, yanaganda kwenye manyoya, na mtoto anayemkumbatia anayapeleka mdomoni. Kwa binadamu vifuko huota kwenye ini au mapafu na mara nyingi huhitaji upasuaji. Dakika 8 za kuchemsha zinatosha kukuepusha na hayo yote.

*Tangu nianze kumpa maini, kinyesi chake kimekuwa cheusi na laini. Ni ugonjwa?*

Maini mengi hufanya hivyo. Acha kabisa kwa siku mbili tatu, kisha rudi na nusu ya kiasi. Lakini kikiwa cheusi cha kung'aa kama lami, au mbwa amenyong'onyea na hataki kula, huyo mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii; inaweza kuwa damu.

*Nina Labrador. Nimesikia maini hayamfai?*

Labrador mzima anaweza kupata kidogo. Ila uzao huo, pamoja na Bedlington Terrier, una baadhi ya mbwa wanaorithi tatizo la kulimbikiza madini ya shaba kwenye ini, na maini ya ng'ombe yana shaba nyingi. Kama daktari amewahi kukuambia vipimo vya ini lake si vizuri, tumia nyama ya kuku. Dalmatian naye ni hivyohivyo kwa sababu nyingine: mwili wake haushughulikii vizuri purini, yaani kemikali za asili zilizojaa kwenye maini, na anaweza kupata mawe kwenye kibofu.

*Jike langu lina mimba, nimwongezee apate nguvu?*

Hapana. Vitamini A ikizidi wakati wa mimba inaweza kuwadhuru watoto tumboni. Mpe chakula kamili cha mbwa wajawazito, maini yasubiri.

*Sasa anasusa chakula chake, anakaa mbele ya friji tu.*

Umempa bure bila kazi. Kuanzia leo asipate kipande mpaka afanye alichoombwa, hata kama ni kukaa tu. Bakuli la chakula liweke dakika 15, kisha liondoe bila kumkaripia, wala usimpe kitu kingine mpaka mlo unaofuata. Mbwa mzima mwenye afya atarudi kwenye bakuli lake. Akipitisha siku nzima hajala, usiendelee na mafunzo hayo, mpeleke akaangaliwe.